Majira ya Kuchipua: Neno, Shairi na Tafsiri

Mfasiri wa mashairi ya Kiingereza akikutana na neno "spring" katika maana ya majira, aghalabu huona njia tatu mbele yake. Wako walioandika masika, kwa hoja kwamba masika ni wakati wa mvua na majani mabichi. Wako waliopendelea demani, kwa kuwa ni majira ya upepo mwanana baada ya baridi ya kipupwe. Na wako wanaosema majira ya kuchipua, maneno ambayo hayakuzaliwa pwani, bali yaliundwa ili kueleza jambo la ugenini. Hitilafu hii si ya msamiati peke yake. Mashairi ya majira hayo ni sehemu kubwa ya ushairi wa Ulaya, na katika shule za Afrika ya Mashariki yamesomwa na vizazi vya watoto ambao hawakupata kuona theluji ila katika picha, au kwa mbali juu ya kilele cha Kilimanjaro. Neno likikosewa, shairi hugeuka kuwa shairi la jambo jingine, na msomaji hana njia ya kujua kwamba amepotezwa.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo matatu kwa mashairi yenyewe, wala si kwa kalenda. Kalenda haitoshi, kwa sababu shairi la majira haya si sifa ya hali ya hewa. Ni shairi la kungoja. Furaha yake hupimwa kwa urefu wa dhiki iliyotangulia, na mtungaji hana haja ya kuitaja dhiki hiyo, kwa kuwa wasomaji wake wametoka humo siku chache tu zilizopita. Msomaji wa Kiswahili hakutoka humo. Kazi ya mfasiri, basi, ni kumpa kwa njia ya lugha kile ambacho msomaji wa Kiingereza alipewa na mwili wake.

Ni vema kuanza na dhiki yenyewe. Katika mji wa London mchana wa mwisho wa Desemba haufiki saa nane kamili za nuru, ilhali mchana wa Juni hupita saa kumi na sita. Miti mingi hupukutisha majani yote ikasimama mitupu, ardhi huganda, na katika zama za kale wanyama walitiwa mabandani, wakala nyasi zilizokaushwa. Chakula cha watu kilikuwa akiba, na akiba ilipungua kila siku. Kwa sababu hiyo Waingereza wa kale walikuwa na desturi ya kuhesabu umri wa mtu kwa majira ya baridi aliyoyapita. Aliyehesabiwa hivyo hakuwa ameishi miaka kadhaa tu, bali alikuwa ameponea kadhaa.

Jambo la kwanza linalompasa mfasiri kulijua ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuwa na neno "spring" katika maana hii tangu asili. Katika Kiingereza cha kale majira hayo yaliitwa "lencten", neno lililohusiana na kurefuka, yaani kurefuka kwa mchana. Neno hilo lilikuja kutwaliwa na kanisa likawa jina la mfungo unaoangukia wakati huo, ule ambao Kiswahili huuita Kwaresima kwa neno lililotoka kwa Wareno. Katika hati ya Harley 2253, iliyonakiliwa karibu na mwaka 1340 katika upande wa Ludlow, limo shairi mashuhuri la kuja kwa majira hayo, nalo huyaita kwa jina hilo la kale. Lakini wimbo mashuhuri zaidi, ule wa ndege aitwaye "cuckoo", uliohifadhiwa katika hati ya karne ya 13 inayohusishwa na watawa wa Reading, husema kwamba kilichofika ni "sumer", neno ambalo leo ni la majira ya joto. Hakuna kosa hapo. Mwaka wa watu wale uligawanyika aghalabu katika sehemu mbili, baridi na joto, na yote yaliyokuwa nje ya baridi yaliweza kuitwa kwa jina hilo moja. Neno "spring" lilipata kuwa jina la kawaida la majira katika karne ya 16, na asili yake ni kitendo: kuruka, kububujika, kuchomoza kwa jani kutoka katika tawi.

Historia hii ina funzo kwa mfasiri. Jina la majira katika Kiingereza ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa nomino. Kwa hiyo wale waliounda maneno majira ya kuchipua hawakufanya jambo la ajabu. Walipita katika njia ileile ambayo Waingereza waliipita kabla yao. Lawama kwamba maneno hayo ni ya kubuniwa haina nguvu, kwa sababu kila jina la majira lilibuniwa na mtu aliyetazama kitu fulani: mmoja akatazama nuru, mwingine jani, na mwana wa pwani akatazama upepo.

Yule ndege wa wimbo wa Reading anastahili kutajwa zaidi kidogo. Yeye ni wa jamii moja na tipitipi, ambaye watu wengi wa Afrika ya Mashariki huichukua sauti yake kuwa dalili ya mvua. Tangu mwaka 2011 wataalamu wa ndege wa Uingereza wamewafunga baadhi yao vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa satelaiti, na imeonekana kwamba majira ya baridi huyapitisha katika misitu ya bonde la mto Congo. Akiwa huko ndege huyu aghalabu hunyamaza. Sauti ambayo mshairi wa karne ya 13 aliisikia kuwa tangazo la uhai mpya ni ya kiumbe aliyetoka Afrika, ambako hakuwa na haja ya kutangaza lolote. Jambo hili halibadili maana ya wimbo, lakini laonyesha wazi kwamba dalili si dalili mpaka awepo anayeingoja. Watu wa Congo wanaye ndege yuleyule, wala hawana shairi lile, kwa sababu hawakuwa na baridi ile.

Mfano mkubwa wa kungoja uliopata kutengenezwa kwa sarufi ni ufunguzi wa Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, kazi inayodhaniwa kuanzwa karibu na mwaka 1387. Mistari 18 ya kwanza ni sentensi moja. Mtungaji anataja mvua ya Aprili inayoingia katika mizizi baada ya ukavu wa Machi, kisha upepo wa magharibi, kisha jua lililo changa katika njia yake, kisha ndege wadogo wasiolala vema. Na yote hayo ni vishazi tegemezi. Kitenzi kikuu hakiji mpaka mstari wa 12, nacho ni cha kutamani: watu wanatamani kwenda kuhiji. Msomaji ameshikiliwa mistari 11 akingoja, kama ardhi ilivyongoja, na sentensi inapofunguka, njia nazo hufunguka. Wataalamu wamebishana kama ukavu ule wa Machi ulitoka katika mashamba ya Uingereza au katika vitabu vya nchi za bahari ya Mediterania. Ubishi huo una maana kwa mwanahistoria. Kwa mfasiri, muhimu ni kwamba Chaucer katika mistari hiyo hakulitaja jina la majira hata mara moja. Alitaja miezi na vitendo.

Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote. Kiambishi -po- cha wakati kinaweza kubeba mzigo wote wa vishazi vile: inapoingia, unapovuma, wanapoimba. Mfasiri anaweza kuvipanga vishazi hivyo mmoja baada ya mwingine, akamzuia msomaji pumzi mpaka kitenzi kikuu kitokee. Anayeikata sentensi hiyo vipandevipande, akaanza kila mstari na kirai kilichokamilika, amefasiri maneno yote na kuliacha shairi nyuma. Kosa hilo ni kubwa kuliko kosa la kuchagua masika badala ya demani, ingawa halionekani katika kamusi.

Shairi la pili katika kitabu cha A. E. Housman kiitwacho A Shropshire Lad, kilichotoka mwaka 1896, ni la namna nyingine. Lina beti tatu za mistari minne minne, nalo ni la mti wa cheri uliovaa maua meupe wakati wa Pasaka. Msemaji ana umri wa miaka 20. Katika ubeti wa kati anafanya hesabu: maisha ya mtu ni miaka 70, kama Zaburi isemavyo, ishirini imekwenda, imebaki hamsini. Katika ubeti wa mwisho anaamua kwamba hamsini ni chache, basi aende sasa hivi msituni kuutazama mti ukiwa umebeba theluji. Mtungaji alikuwa profesa wa Kilatini katika London, na ukavu wa hesabu ile huonekana kuwa wa mwalimu. Wako wasomaji waliouona ubeti huo kuwa baridi. Lakini hapo ndipo nguvu ya shairi ilipo: kijana wa miaka 20 kwa kawaida hahesabu, na anapohesabu, uzuri wa mti hugeuka kuwa deni linalopungua. Neno la mwisho, theluji, hurudisha baridi ndani ya maua. Wengi hulisoma kuwa ni sura ya maua yenyewe. Wengine husema ni theluji kweli, na kwamba msemaji ameazimia kuutazama mti katika majira yote. Mfasiri asiamue ugomvi huo. Aliache neno theluji lilivyo.

Ni katika shairi hili kwamba njia ya masika hufungwa kabisa. Housman huhesabu miaka kwa majira ya kuchipua. Mfasiri atakayesema masika hamsini atapata mvua bila theluji, na mti mweupe wa mwisho hautakuwa na mahali pa kusimama. Akijaribu kusema mvua hamsini, shida itazidi, maana katika magazeti ya Kiswahili ya siku hizi mvua ni hesabu ya miaka ya kifungo. Anayehukumiwa mvua thelathini amekwenda jela. Kijana wa Housman atageuka mfungwa anayehesabu siku za kutoka, ilhali yeye anahofu kutoka. Miaka hamsini ni salama lakini ni maskini, kwa kuwa huondoa kipimo na kuacha namba.

Shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, lilitoka mwaka 1922, miaka minne baada ya kwisha kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hufunguliwa kwa kuushtaki mwezi wa Aprili kwa ukatili. Mvua ileile iliyoingia katika mizizi ya Chaucer yaingia tena, lakini sasa mizizi haitaki kuamshwa, na baridi, ambayo kwa wakale ilikuwa adui, huonekana kuwa blanketi la usahaulifu lililowafunika watu wasikumbuke. Ufunguzi huo haueleweki peke yake. Ni jibu. Karne kadhaa za washairi zilisema kwamba wakati huu ni wa furaha, naye akaja akakana, na ukanaji wake hutegemea kwamba msomaji anayo furaha ile ya kale masikioni.

Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba neno litakalochaguliwa kwa Chaucer lazima liwe lilelile kwa Eliot. Mfasiri mmoja akiandika demani na mwingine masika, kila mmoja anaweza kujitetea katika ukurasa wake, lakini mazungumzo baina ya mashairi yamekatika, na mwanafunzi anayeyasoma yote mawili hatajua kwamba la pili lamjibu la kwanza. La pili ni zito zaidi. Masika katika Kiswahili hayana sifa ya furaha tupu. Ni neema ya mkulima, lakini pia ni matope, njia zilizofungwa, paa linalovuja na homa. Ndiyo maana wahenga walisema hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mtu akimwambia msomaji wa Kiswahili kwamba masika ni makatili, hatashtuka, atakubali. Ukufuru wa Eliot utageuka malalamiko ya kawaida ya msafiri aliyekwama barabarani. Shairi litakuwa limefasiriwa bila kosa la sarufi, na mshtuko uliokuwa roho yake utakuwa umetoweka.

Dosari ya masika huonekana hata nje ya Kiingereza. Katika Wimbo Ulio Bora mpendwa humwita mchumba wake atoke nje kwa kuwa wakati wa baridi umepita na maua yameonekana. Katika nchi ya Palestina baridi ndiyo wakati wa mvua, na majira ya maua huja mvua inapokoma. Mfasiri anayeamini kwamba majira hayo ni masika atalazimika kuyaingiza masika pale ambapo mvua inaondoka, na hakuna mkulima wa Tanga wala wa Lamu atakayemwelewa.

Demani ina hoja bora zaidi, nayo haifai kudharauliwa. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki kusi linapokuwa katika nguvu zake, miezi ya Juni na Julai, bahari kuu ilikuwa haipitiki kwa majahazi. Vyombo vilivutwa pwani, na manahodha walingoja. Upepo ulipolegea, safari zilifunguka. Hapa pana kungoja kwa kweli, pana kufungwa na kufunguliwa, na mtu aliyekulia katika mji wa bandari angeifahamu mara moja tamaa ya safari iliyowashika mahujaji wa Chaucer. Kwa mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wa pwani moyo wa mashairi haya, hakuna mfano ulio karibu zaidi. Lakini demani ni jina la upepo na bahari. Halina jani wala mzizi, na mti wa Housman hauwezi kuchanua humo. Tena ni neno la pwani. Msomaji wa Dodoma, wa Bujumbura au wa Lubumbashi huenda hana habari nalo. Demani yafaa kuwa maelezo ya mwalimu, haifai kuwa tafsiri.

Yabaki majira ya kuchipua, nayo yana shida yake, ambayo watunzi wameihisi ingawa wahakiki hawakuisema sana. Maneno hayo yana mizani minane kamili. Katika shairi la mizani 16 hujaza kipande kizima, na katika utenzi hujaza mshororo wote. Masika na demani ni mizani mitatu kila moja, na mtunzi huvipenda vilivyo vyepesi. Huenda basi masika yameenea katika tafsiri za mashairi si kwa sababu wafasiri waliyaona kuwa sahihi, bali kwa sababu yaliingia katika mshororo. Dawa si kulitupa neno sahihi. Katika maelezo na nathari majira ya kuchipua yatumike pasipo kusita. Katika shairi mfasiri aweza kutumia machipuko, yenye mizani minne, au akafuata mfano wa Chaucer: asilitaje jina kabisa, akaacha vitenzi kuchipua, kuchanua na kuyeyuka vifanye kazi. Kitenzi ndicho kilichokuwa asili ya neno la Kiingereza, na Kiswahili ni lugha yenye nguvu katika vitenzi.

Wapo watakaosema kwamba neno la namna hii litabaki geni milele kwa watu wasio na majira yenyewe. Historia ya pwani yatoa jibu. Nairuzi ni neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na huko Iran siku hiyo huangukia Machi, usiku na mchana vinapolingana, nayo ndiyo sikukuu ya kuchipua kwa ardhi. Neno hilo lilivuka bahari likafika kwa Waswahili bila baridi yake na bila maua yake. Likawa jina la siku ya kwanza ya mwaka wa jua, mwaka wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao manahodha na wakulima waliutumia kujua wakati wa safari na wa kupanda. Kwa kuwa mwaka huo haukuongezewa siku katika kila mwaka wa nne, siku yake iliteleza polepole katika majira, na leo Mwaka Kogwa huadhimishwa Makunduchi, Unguja, katika mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe. Neno la majira ya kuchipua limekaa katikati ya baridi ya pwani, na hakuna anayeliona geni, kwa sababu lilipewa kazi.

Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859, alishika kazi ambayo karibu na mwanzo wake mwaka mpya na kuchipua kwa ardhi ni jambo moja. FitzGerald aliona lazima kuwaeleza Waingereza kwamba mwaka wa Waajemi huanza wakati huo. Waingereza walikuwa na majira yale lakini hawakuwa na siku ile. Waswahili wana siku ile pasipo majira yale. Kila upande ulihitaji nusu ya maelezo, na hapana fasiri iliyopata kusimama bila maelezo ya namna hiyo.

Hukumu, basi, ni hii. Masika yaondolewe katika tafsiri ya mashairi haya, hata pale yanaposaidia mizani, kwa kuwa hupotosha Housman, humwangamiza Eliot na hupingana na Wimbo Ulio Bora. Demani ihifadhiwe kwa kazi yake mwenyewe na kwa matumizi ya mwalimu. Majira ya kuchipua yashikwe na wote, katika vitabu vya shule na katika mikusanyo ya mashairi, kwa umoja usiobadilika kutoka mtunzi hadi mtunzi. Na mfasiri akumbuke kwamba jina peke yake halitampa msomaji baridi ambayo hakuipitia. Baridi hiyo lazima ijengwe katika sentensi: kwa vishazi vinavyochelewesha, kwa theluji isiyoondolewa mahali pake, na kwa kitenzi kikuu kinachokuja wakati msomaji amekwisha kuchoka kukingoja.